Shore kwenye Uzio wa Godefroid

Godefroid ni mtu ambaye ukimuuliza habari za asubuhi, anataka kwanza kujua ni nani aliyekutuma uulize. Sitii chumvi. Nimepakana naye shambani hapa Houston kwa miaka, nimekula ugali nyumbani kwake, binti yake ananiita shangazi, na bado nikichelewa kufika shambani huniangalia kwa jicho la pembeni kana kwamba nimetoka kumchongea mahali.

Zamani aliishi Irving, jirani na ule uwanja mkubwa wa ndege wa Dallas, akipakia mizigo. Siku moja mafundi wakaja kubadilisha mita ya umeme nje ya mlango wake, na mita mpya ilikuwa na kitaa chekundu kinachowaka na kuzima. Godefroid aliitazama, akaizunguka, akaitundikia kitambaa. Kesho yake kitambaa kilikuwa kimeondolewa. Kwake hiyo ilitosha. Alifunga virago, akampakia mke na mtoto garini na kuhamia Houston. Shemeji yake Polycarpe, aliyebaki Arlington, akikisimulia kisa hicho harusini watu wanashika mbavu. Godefroid hacheki.

“Bacheke tu,” husema. “Siku bataelewa, mi sitakuwa pale.”

Mimi naitwa Yasinta, mzaliwa wa Kigoma, na riziki yangu naipata kwa kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu katika nyumba ya kulelea. Wakongo kama Godefroid nimewajua tangu utotoni, kwa hiyo Kiswahili chao hakinipigi chenga. Ndiyo maana pale shambani mimi ndiye mkalimani wa kila mtu, na ndiyo maana kisa hiki chote kilipita mdomoni mwangu, nikitaka nisitake.

Shamba lenyewe ni kipande cha ardhi nyuma ya kanisa la Wamarekani, upande wa kusini-magharibi wa jiji, katikati ya maegesho ya magari na mfereji wa maji ya mvua. Mchungaji alituona tukichuma majani ya viazi kandokando ya mfereji, akatuonea huruma, akasema kile kipande kimekaa bure, tulime. Hakutupatia karatasi ya makubaliano. Godefroid alisema bila karatasi watatufukuza wakitaka. Nilipomwambia basi tukaombe karatasi, akasema ukishatia sahihi ndipo wanapokupata. Sasa mtu kama huyo utamfanyia nini? Tulishika majembe tukalima.

Lakini aliyelihitaji shamba kuliko sisi sote ni Généreuse, mkewe. Généreuse anafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli, anakunja mashuka toka asubuhi. Alipofika hapa hakuwa akilala. Alikuwa akikaa kitandani macho makavu, Zoé binti yao aliniambia, na madaktari walimpa vidonge vilivyomfanya awe kama mtu anayesikiliza kutoka chumba cha pili. Kisha tukapata shamba. Akapanda mihogo kwa ajili ya sombe, yaani kisamvu, akapanda lenga-lenga, ambayo sisi tunaita mchicha, na maharage na maboga. Msimu wa kwanza alianza kuzungumza. Wa pili akaanza kulala. Msimu wa tatu nilimsikia anaimba huku anapalilia, nami nikageuka nyuma kuona ni nani huyo. Sisi wote tulijua kwamba Généreuse akilikosa lile shamba, atarudi kulekule alikotoka.

Uzio ulikuwa kazi ya Godefroid. Kati ya shamba lake na maegesho kulikuwa na vijiti vya porini vyenye vitunda vyeusi, vimejiotea ovyo. Hakuving'oa. Kila msimu alivikunja, akavisuka kimoja ndani ya kingine kama watu wa kwao wanavyosuka ua wa nyumba, hadi vikawa ukuta wa majani usiopenyeka hata kwa mkono. Aliita kile kipande chake lupango, yaani kiwanja cha mtu kilichozungushiwa ua. Ndani ya lupango hakuna aliyemwona. Nadhani ni mahali pekee Marekani nzima alipovua kofia.

Ndipo akaja yule ndege.

Ni mdogo kuliko njiwa, kichwa cheusi chenye kishungi, mgongo umechorwachorwa kama magamba ya samaki, na chini ya mkia ana doa jekundu kama la damu. Sauti yake ni ya furaha, anaimba tangu alfajiri. Kigoma tuna ndege wa jamii hiyo, tunamwita shore, ila wa kwetu ana rangi ya njano pale chini. Godefroid naye alimjua wa kwao. Alisimama akamtazama kwa muda mrefu.

“Huyu ni ule wa kwetu,” akasema. “Lakini amebadilisha nguo. Juu ya nini amebadilisha?”

Nilicheka. Yeye aliuliza kwa dhati, kwa nini amebadilisha. Hata hivyo hakumfukuza. Dume na jike walibeba nyasi na vipande vya nailoni wakajenga ndani ya uzio, na Généreuse akawa anawaachia maboga yaliyooza wadonoe.

Majira ya kuchipua alitokea mama mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu, jina lake Fiona, kofia pana, shingoni darubini, na nyingine kubwa ameisimamisha kwenye miguu mitatu pale maegesho. Ameielekeza kwenye uzio. Nyuma ya uzio, Godefroid ameinama anapalilia. Alipoinua kichwa akaona kupitia majani mtutu unamtazama, alilala chini, tumbo juu ya maharage yake mwenyewe. Nikamsikia ananiita kwa kunong'ona.

“Dada Yasinta! Ule mama anaangalia nini? Anaangalia miye?”

Nikaenda kumsikiliza Fiona. Alikuwa na furaha isiyofichika. Alinieleza kwamba yule ni ndege wa Asia, wa India na Pakistani mpaka Burma, na kwamba huko amejaa kila mahali: vichakani, bustanini, mijini, hata kwenye nyaya za umeme. Si ndege wa msitu mnene. Anapenda vichaka vya karibu na watu. Hapa Houston waliletwa vizimbani, kwa ajili ya kuimba na kupendeza, wengine wakatoroka, wakazaana. Wamezoea zaidi mitaa ya zamani upande wa kaskazini. Kiota upande wetu huu, alisema, hajawahi kukiona maisha yake yote. Akaomba awe anakuja Jumamosi kuwahesabu, na pengine alete marafiki.

Nilimtafsiria Godefroid, aliyekuwa amesimama sasa, anajifuta udongo.

“Muulize,” akasema, “anamuhesabu juu ya nini?”

Nikauliza. Fiona akatabasamu, akasema ni ili kujua tu wako wangapi na wanapenda kuishi wapi. Kisha akatoa mkebe wa biskuti alizooka mwenyewe, akatukaribisha. Godefroid aliitazama ile biskuti kama mtu anayetazama kaa la moto. Hakuichukua. Akarudi ndani ya lupango.

Jumamosi iliyofuata ndipo aliponieleza, tumekaa juu ya ndoo zilizofudikizwa.

“Kwetu kulikuwa pori,” akasema. “Baba yangu alikuwa na shamba pembeni ya ile pori. Bazungu bakakuya. Pole pole, na heshima, na biscuits. Bakasema, siye tunataka tu kujua nyama za pori ziko ngapi na zinapenda kukaa wapi. Tukabaonyesha. Nyuma yake bakakuya na basoda na bunduki. Bakasema, apa ni pa nyama sasa. Nyama zilibaki, dada. Siye tulitoka.”

Kutoka pale yeye na ndugu zake walikwenda bondeni, kutoka bondeni vita viliwasukuma kambi ya wakimbizi, na kutoka kambini wakaletwa Marekani. Nikamwambia kwamba hapa ni Texas, mambo si yale, na hawa ni watu wame-retire, wana muda mwingi, basi.

“Ni maneno yaleyale, Yasinta. Maneno yaleyale kabisa.”

Ikabidi tumwite Zoé, ambaye yuko darasa la mwisho la sekondari na huja shambani kwa kuburutwa. Nikamwambia amtafutie baba yake habari za ndege huyu kwenye simu. Akatafuta.

“Dad, it says least concern,” akasema bila kuinua macho. “Like, they're everywhere. Nobody's saving this bird.”

Nikaeleza vizuri. Wataalamu wa dunia wanaohesabu viumbe wamemweka ndege huyu kwenye daraja la wasio na tatizo lolote. Hayumo hatarini. Wako wengi mno, na tena baadhi ya nchi zinalalamika kwamba anaharibu matunda na kuwabughudhi ndege wa pale. Hakuna serikali itakayomhamisha mtu kwa ajili yake. Nilipomaliza nilijiona wakili.

Godefroid alifikiri. Unajua, si mjinga yule mtu. Ubaya wake ndio huo.

“Kama hana shida,” akasema, “juu ya nini banamufuata na ile mitambo yote? Nani anafuata kitu chenye kiko fasi yote?”

Zoé akarudi kwenye simu yake. Nami nikabaki nalirudia lile swali: nani anafuata kitu kilicho kila mahali?

Na kweli, wakaanza kumiminika. Jumamosi moja magari matatu, nyingine zaidi. Wazee wenye vesti za mifuko mingi, vijana wenye kamera ndefu kama mikono ya watu. Walisimama maegesho, wanaelekeza vidole kwenye uzio, wananong'ona. Godefroid alikuwa akiwachungulia kutoka upande wake. Nakiri kwamba wasiwasi ule unaambukiza. Nilianza na mimi kujiuliza kwa nini wanaongea kwa sauti ya chini hivyo. Nilianza kumwangalia Fiona mikononi, simu yake inavyobonyezwabonyezwa. Pontien, Mrundi aliye na shamba la mwisho kule mferejini, aliacha kabisa kuja siku za Jumamosi. Alisema ana kazi hotelini, lakini mkewe aliniambia amelala sebuleni.

Halafu tukamwona mchungaji amesimama na Fiona, wanacheka. Akaunyooshea uzio mkono, akatikisa kichwa, wakashikana mikono kwa nguvu kama watu waliokubaliana jambo. Godefroid alinifinya mkono mpaka nikapiga yowe.

“Umeona?”

“Nimeona watu wanasalimiana, Papa Zoé.”

“Bale habakusalimiana. Balimaliza maneno.”

Wiki ile ile vikatokea vibendera. Vidogo, vya rangi ya waridi, vimechomekwa kwenye nyasi kuanzia ukingo wa maegesho hadi futi chache kutoka kwenye uzio, kisha vikakoma. Hakuna aliyetuambia ni vya nini. Nilisema nitamuuliza mchungaji. Godefroid akanikataza karibu kwa kuapa. Ukiuliza, alisema, watajua kwamba tumejua. Nami kwa upumbavu nikamsikiliza, maana hata mimi vile vibendera vilinitia ubaridi. Vilionekana kama alama za mtu anayekata kiwanja.

Nilimwona Généreuse akivitazama siku ile. Aliokota jembe lake akaendelea, lakini hakuimba.

Ijumaa nilikuwa na mapumziko, nikafika shambani saa tatu hivi asubuhi. Kutoka barabarani nilihisi kuna kitu kimekosekana, sikujua nini. Kisha nikamwona Godefroid mzima mzima, tangu kofia hadi viatu, na nyuma yake mihogo ya Généreuse, na nyuma ya mihogo mfereji. Uzio haukuwapo. Alikuwa ametoka moja kwa moja zamu ya usiku kwenye ghala anakofanya kazi, na sare yake mwilini, akaukata wote kwa panga, kazi ya miaka ile yote, akaurundika kando. Kiota alikuwa amekitoa kwa uangalifu na kukiweka juu ya nguzo fupi iliyokuwa shambani. Ndani mlikuwa na mayai, meupe yenye madoa ya rangi ya zabibu. Wale ndege walikuwa juu ya waya wa umeme wanapiga kelele. Walishuka mara kadhaa, wakazunguka pale palipokuwa na uzio, wakapanda tena.

“Sasa hakuna ndege,” Godefroid aliniambia, anahema. “Bakikuya kesho, bataona majani tu. Bataenda kutafuta fasi ingine.”

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia ni mtu katili na kichwa kigumu. Nilimwambia mayai hayakumkosea. Aliniacha nimalize. Machoni alikuwa na uchovu wa usiku mzima, na nafuu pia, nafuu ya mtu aliyewahi safari hii. Hilo ndilo lililonizima. Nikamsaidia kuburuta matawi.

Jumamosi Fiona alikuja na watu wake. Walisimama pale maegesho, darubini zimening'inia. Hakupiga kelele. Alikitazama kiota juu ya nguzo, mayai yamekwisha poa, wazazi wameondoka tangu jana jioni. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza yote, la pori, la biskuti na la wanajeshi, huku Godefroid amesimama na Généreuse pembeni yangu, wananiangalia mdomo.

Fiona alikaa chini kwenye ukingo wa saruji. Akasema hakujua, na laiti angeulizwa. Akasema ndege huyu hana sheria yoyote inayomlinda hapa; ni mgeni aliyetoroka kizimbani, na wapo wataalamu ambao wangependelea asiwepo kabisa. Yeye alikuwa akija kwa sababu anampenda tu, na kwa sababu kuona mahali papya alipojenga humfurahisha. Kisha, nadhani kwa kutaka kutupa moyo, akasema tusijilaumu mno kwa ajili ya ndege. Anajenga popote. Kichaka cha dukani, chungu cha maua kwenye baraza ya mtu, kinamtosha. Huyu hatakosa makazi.

Nilikuwa bado natafsiri gari la mchungaji lilipoingia. Alishuka polepole, akavua miwani. Ni mzee mwema, nasema hivyo mpaka leo. Alisema alitarajia kutukuta, maana ana habari isiyo nzuri na hakutaka tuisikie kwa mtu mwingine.

Kamati ya kanisa, alieleza, ilitaka tangu mwaka jana kupanua maegesho. Mpango wa kwanza ulichukua shamba zima. Yeye aliwazuia. Alipoona watu wanakuja kutoka pande zote za jiji kwa ajili ya yule ndege, na baadhi yao wanabaki Jumapili kusali, alimwomba Fiona aje azungumze na kamati, Fiona akakubali, akaja, na kamati ikakubali kuishia pale wapimaji walipokuja kuchomeka vibendera na kuuacha uzio na kila kilicho nyuma yake. Hakutuambia kwa sababu alitaka kwanza lipigiwe kura rasmi. Lakini jana mchana mwenyekiti alipita, akaona uzio umefyekwa mpaka chini, akadhani sisi wenyewe tumeamua kuondoka na tumeanza kusafisha. Akampigia mkandarasi. Jioni kamati ikakutana, ikapigia kura mpango wa kwanza. Mchungaji alisema amejaribu kuwarudisha nyuma. Hana tena cha kuwaonyesha. Tuvune tunachoweza kabla mitambo haijafika.

Mambo haya yote ilibidi niyaseme kwa Kiswahili, taratibu, neno kwa neno, nikimtazama Godefroid usoni, maana Généreuse nilishindwa kumtazama. Nilisema la wapimaji. Nilisema la Fiona na kamati. Nilipofika kwenye uzio niliruka maneno, nikaanza upya.

Godefroid alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kutikisa kichwa, juu chini, juu chini, na uso wake ukapata kitu ambacho sikukitegemea. Ulipata utulivu.

“Unaona?” akaniambia. “Nilikuambia, dada. Banakuya na ndege, banaondoka na shamba.”

Nilitaka kumjibu. Fiona alikuwa ananivuta mkono anauliza anasemaje, anasemaje, na mchungaji naye anasubiri. Lakini Généreuse alitangulia. Alikuwa amepiga hatua moja mbele, mikono ina udongo hadi kwenye viwiko. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina mbele za watu. Alikuwa Papa Zoé, siku zote.

“Godefroid,” akasema, si kwa sauti kubwa. “Kule pori, balitufukuza. Apa hakuna mutu alitufukuza. Ni weye ulikata.”

Akageuka, akarudi kwenye mihogo yake, akashika shina la kwanza kwa mikono miwili, akaanza kulitikisa ili lilegee.

Godefroid hakumfuata. Alisimama palepale palipokuwa na uzio, kisha akanigeukia mimi na kunitazama mdomo, kama alivyokuwa akinitazama wakati Fiona anazungumza, anangoja nimtafsirie.